Sheria ilikuwepo: historia fupi ya kufundisha watu haki zao katika Kivu



Mara nyingi hapa tunaandika historia ya wafalme, ya vita na ya vyama vya siasa. Leo nataka kuandika historia ya kitu kidogo: namna gani mtu wa kawaida wa Kongo, asiyepita kwenye fakilte ya sheria, amekuja kujua sheria inasema nini. Naanza nyumbani kwetu, kwa sababu njo pale maswali yangu yalianzia.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 12. Kaka yangu mkubwa alikuwa amechukua pikipiki ya mtu kwa mapatano ya kulipa kila juma. Alishindwa, akakimbia. Ijumaa jioni watu wawili wakaja kumtafuta, na walipomkosa walimchukua Baba. Hawakuonyesha karatasi yoyote. "Mtoto akionekana, muzee atatoka," walisema. Na kwa nini Ijumaa, sisi wote tunajua: kesho yake ofisi zimefungwa, hakuna mtu wa kulalamikia. Baba alilala buloko usiku tano. Mama aliuza cherehani yake, ile iliyokuwa inatulisha, akapeleka makuta, Baba akatoka. Hakuna aliyetuandikia risiti. Nyumbani hatukusema kwamba tumeonewa. Tulisema tumepata bahati mbaya, kama vile mvua kubwa imebomoa ukuta.

Miaka ilipita. Nikiwa mwaka wa pili wa gradua nilifungua Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, nikasoma kifungu cha 17: kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, hakuna anayeweza kukamatwa wala kufungwa kwa tendo la mwingine. Kifungu cha 18: anayekamatwa aelezwe mara moja sababu, katika lugha anayoisikia, na asishikwe na polisi kupita saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mkubwa wa sheria mwenye uwezo. Jioni ile nilimsomea Baba, nikigeuza kwa Kiswahili. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: "Hii iliandikwa lini?"

Nikamjibu: 2006.

"Kumbe ilikuwepo," akasema. Hakuongeza neno. Lakini mimi sijawahi kusahau ile sauti. Ilikuwepo miaka mitatu kabla ya cherehani kuuzwa, na katika nyumba yetu hakuna aliyeijua.

Sasa turudi nyuma, ili tuelewe kwamba ujinga huu haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitengenezwa.

Wakati wa Wabelgiji, sheria ya Kongo iliandikwa Brussels. Ilitolewa kwa dekreti na kuchapishwa katika gazeti rasmi la koloni, kwa lugha za Ulaya. Mwanakijiji hakuisoma. Aliiona tu ikimjia kwa mwili: kodi, fimbo, na mashamba ya lazima yaliyowekwa mwaka 1917, ambapo mtu aliweza kulazimishwa kulima pamba au mpunga hadi siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1926 dekreti nyingine ikapanga korti za "wenyeji", yaani za machifu, chini ya macho ya mtawala Mzungu. Kuanzia hapo nchi ilikuwa na milango miwili: kule sheria ya maandishi, ya Wazungu na ya makosa makubwa, huku desturi, kwa ajili ya watu weusi. Tusidharau huu mlango wa pili. Mambo ya shamba, ya mahari, ya mipaka, wazee wetu walijua kuyatengeneza, na walijua kanuni zake bila kufundishwa na mtu. Ni uongo kusema mwanakijiji hakujua sheria. Alijua yake vizuri sana. Ile asiyoijua ni ile iliyokuwa na askari nyuma yake.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Wakongomani wenye diploma ya iniversite walihesabika upesi. Ilibidi nchi ianzishe shule ya taifa ya sheria na utawala, ENDA, ili kuwapata haraka majistra wa nyumbani. Marcel Lihau, mmoja wa Wakongomani wa kwanza kabisa kusomea sheria, akawa mkuu wa Korti Kuu mwaka 1968. Waamuzi wakawa watoto wa nchi. Lakini lugha ya korti ilibaki Kifaransa, na mwanakijiji akabaki palepale nje ya dirisha.

Na wakati wa Mobutu? Kulikuwa na watu wa Leta waliopita katika makomini na vijiji kukusanya raia. Ile kazi iliitwa "animasyo". Wazazi wetu wanaikumbuka: ngoma, vitambaa vyenye sura ya Mkubwa, nyimbo za kusifu chama. Serikali ilikuwa na njia ya kumfikia kila mtu mpaka mwisho wa barabara, na ilipomfikia, ilimfundisha kucheza.

Nasema hivyo kwa sababu neno hilohilo lilikuja kugeuka. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Tarehe 7 Agosti 1991 Mkutano wa Taifa ukafunguliwa Kinshasa, na watu wakasikia kwa redio mambo ambayo jana yake yangempeleka mtu buloko. Mwaka ule ule wa 1991, hapa Bukavu, makanisa ya Kiprotestanti yalizaa shirika la Héritiers de la Justice, maana yake Warithi wa Haki. Upande wa Wakatoliki nako kulikuwa na vikundi kama Groupe Jérémie. Na mtu aliyepita kijijini kufundisha haki akaitwa tena "animateri". Jina ni lile la wachezaji wa chama, lakini huyu hakuja na ngoma. Aliketi na watu baada ya ibada au baada ya soko, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mahali, akawauliza: juma hili ni nani alikamatwa hapa? Alilipa nini? Alipewa karatasi?

Kwa maoni yangu, ile njia ya kuuliza kwanza njo ilikuwa werevu wao. Hawakuanza na kifungu, walianza na kizuizi cha askari barabarani, na amandi isiyo na risiti, na mtu aliyefungwa kwa ajili ya deni la ndugu. Mtu akisikia jambo lake mwenyewe, atabaki mpaka mwisho. Mwaka 1993 Radio Maendeleo ilizaliwa, nayo pia Bukavu, na vikundi vya kusikiliza vikaketi kuzunguka redio moja na kujadili. Wenye bunduki walielewa haraka kwamba hiyo si kitu kidogo. Wakati wa RCD redio hiyo ilifungwa. Na usiku wa tarehe 31 Julai 2005, Pascal Kabungulu, katibu mkuu wa Héritiers de la Justice, aliuawa nyumbani kwake Bukavu. Kesi ilifunguliwa mbele ya korti ya kijeshi, ikakwama njiani. Tukisema kufundisha sheria ni kazi ya semina na Fanta, tukumbuke jina hilo.

Baada ya Katiba ya 2006 kazi hii ilipanuka sana. Katiba yenyewe iliiamuru. Kifungu cha 142 kinataka serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zetu nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, katika siku 60 tangu kutangazwa. Kifungu cha 45 kinalazimisha Leta kufundisha Katiba na haki za binadamu. Mwaka uleule, tarehe 20 Julai, zikaja sheria mbili juu ya ubakaji, namba 06/018 na 06/019. Hizi njo zilibebwa zaidi na mashirika mpaka vijijini, na hapo ndipo mafundisho yaligongana kwa nguvu na desturi. Kwa watu wengi ubakaji ulikuwa ni maneno ya familia mbili: mbuzi, ng'ombe au makuta, au binti aolewe na yule aliyemharibu. Sheria mpya ilisema malipo ya amandi hayazimi kesi, na aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Wazee wengine walikasirika: munatuvunjia amani. Na maneno yao yalikuwa na sehemu ya kweli, kwa maana korti ilikuwa mbali, siku mbili kwa miguu, na shefu alikuwa karibu.

Lakini hebu tuangalie pia upande ambao wafundishaji hawakupenda kuusema. Code ya Familia ya mwaka 1987 ilikuwa inasema mke aliyeolewa hawezi kwenda kushitaki katika mambo ya kiraia bila ruhusa ya bwana yake. Sheria hiyo iligeuzwa tarehe 15 Julai 2016 tu. Maana yake, miaka 25 nzima waanimateri walipita wakiwaambia bamama: "Haki yako iko kortini." Na sheria yenyewe ilikuwa inajibu: "Kwanza muulize bwana." Kufundisha sheria si kuisifu sheria. Mwalimu mzuri alipaswa kusema pia mahali ambapo sheria yenyewe ni mbaya.

Kulikuwa na mambo mawili yaliyofundisha kupita semina zote.

La kwanza ni korti za kutembea, zile tunaita audiences foraines, ambapo waamuzi wanatoka mjini na kuja kukaa kijijini. Februari 2011, huko Baraka, teritware ya Fizi, korti ya kijeshi ilihukumu askari kwa mambo yaliyofanyika Fizi siku ya Mwaka Mpya. Tarehe 21 Februari liyetena-kanali Kibibi Mutware alipewa miaka 20. Watu walijaa kusikiliza. Fikiria mwanakijiji wa Fizi ambaye maisha yake yote ameshuka kwenye njia kila kamanda akipita. Siku ile alimuona kamanda amesimama, anaulizwa maswali, na analazimika kujibu. Hakuna kitabu kinachofundisha hivyo. Halafu Kavumu, hapa karibu na uwanja wa ndege. Tangu 2013 watoto wadogo wa kike walikuwa wanaibwa usiku na kubakwa. Tarehe 13 Desemba 2017, kortini palepale Kavumu, mbunge wa mkoa Frederic Batumike na watu wake, jumla 11, walihukumiwa kifungo cha maisha kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Wazazi waliona kwamba hata kinga ya mbunge ina mwisho.

La pili ni kosa, nalo pia lilifundisha. Thomas Lubanga alipopelekwa La Haye mwaka 2006, Korti ya Kimataifa ilituma watu wake Ituri kueleza kesi. Walipita na redio, walifanya mikutano Bunia na vijijini. Swali moja liliwafuata popote: kwa nini anashitakiwa kwa kuingiza watoto jeshini tu? Waliouawa je? Wanawake je? Hakuna mtangazaji aliyeweza kulijibu vizuri, kwa sababu jibu halikuwa katika maelezo, lilikuwa katika hati ya mashitaka yenyewe. Mwaka 2012 alipata miaka 14 kwa kosa hilo peke yake. Watu wa Ituri hawakukosa kuelewa. Walielewa vizuri, njo maana waliuliza. Tangu hapo mimi nashuku kila ripoti inayosema "raia hawajaelewa, tuongeze mafundisho".

Hapo narudi kwangu. Mwaka 2018 nilikuwa katika kikundi cha wanafunzi wa sheria waliotumwa kijiji kimoja cha teritware ya Walungu. Tulikuwa na T-shati nyeupe, karatasi zenye picha, na orodha ya waliohudhuria, ile orodha ambayo bila saini zake transport hailipwi. Niliongea juu ya saa 48. Niliongea vizuri, nilijisikia mwenyewe. Nilitoa hata mfano wa Baba, bila kusema ni Baba. Nilipomaliza, mama mmoja mwenye kikapu cha mihogo mbele yake aliinua mkono:

"Mwanangu, aksanti. Sasa bale banatukamataka, nabo mulishaka bafundisha?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Kituo cha polisi kilikuwa mita labda 300 kutoka pale, na katika siku zetu mbili hakuna aliyekuwa amefikiri kukipitia. Tulipomuona shefu, tulimletea salamu na karatasi ya ruhusa. Polisi hatukuwaona. Nilimjibu yule mama kwamba hilo ni la wakubwa. Akasema, "Basi mutuandikie kwa karatasi kubwa, tuwaonyeshe sisi wenyewe."

Jioni nilifungua tena kifungu cha 45, nikakisoma mpaka chini. Kinasema Leta iingize haki za binadamu katika mafundisho ya jeshi, ya polisi na ya idara za usalama. Nilikuwa nimekipita mara nyingi bila kuona. Historia yote niliyowaandikia hapa, tangu waanimateri wa 1991 mpaka T-shati zetu, ilielekea zaidi upande mmoja: kwa anayekamatwa. Anayekamata alibaki na sheria yake ya zamani, ile ya askari wa koloni. Kuna semina za polisi, ndiyo, mashirika yamezifanya mjini, lakini yule OPJ wa mwisho wa barabara, asiyelipwa vizuri, asiye na karatasi wala kalamu, anayeishi kwa amandi, huyo hakufundishwa na mtu. Na tuseme ukweli: hata akifundishwa, atakula nini? Saa 48 ni sheria, lakini pia ni makuta.

Kwa hiyo kuna wenzetu wanaosema kazi hii ni bure. Unamwambia mtu haki yake, halafu anaenda kugonga mlango ambao hakuna mtu ndani. Mimi nilikuwa karibu kukubali. Kilichonibadilisha ni Baba.

Miaka miwili baada ya ile safari ya Walungu, jirani yetu mmoja, mama mjane, alikamatwa kwa ajili ya kijana wake aliyepigana kwenye baa. Ni maneno yaleyale ya kwetu. Baba alivaa koti lake, akachukua karatasi ambayo nilikuwa nimemwandikia kwa Kiswahili, kifungu cha 17 na cha 18, akaenda. Hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi mbele ya ofisi, akauliza maswali mawili tu, kwa heshima: "Chef, karatasi ya kumkamata iko wapi? Na aliingia saa ngapi?" Walimwambia aende. Hakwenda. Kila mtu mpya aliyeingia, aliuliza tena. Saa kumi jioni yule mama aliachiliwa.

Sitaki kudanganya: hakutoka bure. Walichukua kitu kidogo, "ya sabuni". Lakini alitoka siku ileile, si baada ya usiku tano, na cherehani ya mtu haikuuzwa. Baba alirudi nyumbani akaniambia: "Wanajua. Nilipouliza saa, yule mdogo wao aliangalia chini. Wanajua kwamba hiyo kitu iko."

Njo pale nilielewa hii kazi inafanya nini na haifanyi nini. Haiwezi kuweka korti mahali ambapo hakuna korti. Haiwezi kumlipa polisi mshahara. Inachofanya ni kuondoa ile "bahati mbaya" tuliyoisema nyumbani mwaka 2009. Inampa mtu jina la jambo lililompata, na inamwambia yule mwingine kwamba jina hilo linajulikana. Hiyo ni nusu ya njia. Nusu nyingine ni ile ya mama wa Walungu.

Tangu vita vilipoingia Goma na Bukavu mapema mwaka 2025, wengi wetu tumetawanyika, na kazi ya korti katika sehemu kubwa ya Kivu imevunjika. Wengine watasema huu si wakati wa kuongea vifungu. Mimi nafikiri kinyume. Waanimateri wa 1991 hawakungoja Leta ipone. Walianza wakati Leta ilikuwa inaoza, wakaendelea chini ya waasi. Jengo la korti linafungwa kwa kufuli moja, lakini kile Baba anabeba ndani ya mfuko wa koti hakina kufuli.

Kwa hiyo kwenu, wahitimu wenzangu, naomba mambo mawili, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili. Kwanza, kila mmoja wetu aliyesoma sheria aandike vifungu hivyo viwili kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa mkono ikibidi, na kuvipa familia yake, kabla ya kufikiri kijiji. Pili, siku mukipita kijijini kufundisha, mupite pia kwenye benchi ya polisi. Muketi, musalimie, muulize wako na karatasi ngapi za peve, na wakubwa wao waliwapa nini ya kusoma. Pengine watawafukuza. Lakini yule mama na kikapu chake bado anangoja jibu, na mimi nimechoka kumwambia kwamba hilo ni la wakubwa.